Kijiji cha Msituni Uluguru: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Dar es Salaam

Naishi Kimara, lakini kwetu ni milima ya Uluguru, Morogoro, upande wa mashariki, kijiji ambacho nyumba ya mwisho na mti wa kwanza wa hifadhi vinatazamana. Kila mwaka napigiwa simu na watu wa aina tatu: walimu na wauguzi waliopangiwa vituo huko, wafanyabiashara wa ndizi na viungo, na wale wanaotaka tu kwenda kuona. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Jina la kijiji sitalitaja, maana mengi ninayoyasema ni ya ukanda mzima, na machache ni ya nyumbani kwetu.

Ni mbali kiasi gani kutoka Dar?

Kwa kilomita si mbali. Dar mpaka Morogoro mjini ni kama kilomita 190, na tangu treni ya umeme ianze kwenda Morogoro Juni 2024, kipande hicho kimekuwa chepesi. Ukipanda basi Mbezi Luis utashuka Msamvu. Safari yenyewe inaanzia hapo. Unatafuta Noah au gari la mizigo linalopanda milimani, unasubiri lijae, mnaondoka. Kiangazi utafika gari linapoishia kabla ya jioni. Masika hakuna dereva atakayekuahidi saa, na akikuahidi usimwamini. Toka hapo ni bodaboda, na bodaboda ikishindwa ni miguu. Kwetu, toka gari linapoishia hadi uwanja wa nyumbani ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa mwenyeji. Mgeni wa Dar mwongezee saa moja na nusu. Mtu akikuambia "ni hapo tu, nyuma ya kilima," muulize kuna mito mingapi. Sisi umbali tunaupima kwa mito.

Ni kweli mvua hainyeshi ikaisha?

Karibu ni kweli. Miteremko ya mashariki ya Uluguru inapigwa na upepo wa Bahari ya Hindi moja kwa moja. Hewa ileile yenye unyevu inayopita juu ya Kigamboni na Pugu ikifika kule inakutana na ukuta. Kilele cha Kimhandu kinazidi mita 2,600. Hewa inapanda, inapoa, inaachia maji. Sehemu za juu hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, wakati Dar hupata kama 1,100. Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba kama huku, ila kwetu hata Julai, watu wa Dar wanapolalamika vumbi, manyunyu hayatuachi.

Siku ambazo hazina mvua zina ukungu. Unaamka asubuhi humwoni jirani, unamsikia tu akikohoa. Ukungu huo nao ni maji: unagusa majani na kuvumwani inayoning'inia kwenye miti, unageuka matone, matone yanadondoka chini siku nzima hata kama wingu halijanyesha. Mtoto wa kule hujua kwamba chini ya mti mkubwa kunalowa kuliko uwanjani.

Kwa hiyo watu wanaishi ndani ya msitu?

Hapana. Hili napenda lieleweke, kwa sababu nimewahi kuulizwa kama tunalala juu ya miti. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha hifadhi za zamani, na ina zaidi ya hekta 24,000. Humo hairuhusiwi kuishi, kulima, kuwinda wala kukata mti. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Vijiji viko chini ya mpaka, vimeuzunguka msitu kama watu waliozunguka moto. Nyumba ni za udongo au matofali ya kuchoma, nyingi siku hizi zina bati, na zimetawanyika: huku nyumba tatu, korongo, kule nyumba tano. Kumwita mtu wa ng'ambo ya korongo unapaza sauti. Kumfikia inachukua nusu saa.

Maji ya bomba langu yanahusiana vipi na huko?

Hili ndilo swali ninalotamani niulizwe zaidi, na wanaouliza ni wachache mno.

Mto Ruvu unazaliwa Uluguru. Vijito vinavyopita nyuma ya nyumba ya mama yangu vinaingia mto mdogo, mto mdogo unaingia mkubwa, mkubwa unashuka tambarare hadi Mlandizi ulipo mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959, kisha Bagamoyo ulipo ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar inatoka katika mitambo hiyo miwili. Mimi hapa Kimara nafungua bomba na kunawa maji ambayo huenda mama aliyavuka kwa miguu juzi.

Msitu hautengenezi mvua yote hiyo, kazi yake ni kuipokea polepole. Mvua kubwa ikipiga mlima mtupu, maji yanateremka siku hiyohiyo yakiwa mekundu, na yanabeba udongo wa shamba. Ikipiga msitu, inavunjwa na majani, inaanguka juu ya majani makavu, inazama ardhini, halafu inatoka chemchemi moja moja kwa miezi. Ndiyo maana mto unaendelea kutiririka Agosti na Septemba wakati mvua kubwa hakuna. Mgao wa maji ulipotangazwa Dar Oktoba 2022, Ruvu ilikuwa imeshuka mno kwa kuchelewa kwa mvua. Huku watu walikuwa wanagombania madumu. Kule mama alikuwa ananiambia kwenye simu kwamba jiwe la kufulia, ambalo miaka yote huwa ndani ya maji, limebaki nchi kavu. Ilikuwa habari moja, tuliisikia pande mbili.

Basi kwa nini wakulima wa juu wanalima mpaka kwenye miteremko na vyanzo vya maji?

Naomba uvumilivu hapa, jibu lake ni refu.

Kwanza, sehemu tambarare hakuna. Mteremko ndio shamba. Kuna mashamba kwetu ambayo mtu akiteleza anashuka hadi kwa jirani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, na ni sheria nzuri, lakini chora mita 60 kila upande wa kila kijito kwenye kijiji chetu uone shamba gani litabaki.

Pili, watu walishawahi kuambiwa walime vizuri, wakaambiwa vibaya. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa amri na faini. Udongo wa rutuba kule ni tabaka jembamba juu. Ukichimba ngazi bila uangalifu unaufukia na kuleta juu udongo mwekundu usioota kitu. Watu walifanya kazi ngumu na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 walikataa, na yakatokea machafuko. Wazee wachache bado walikuwa wanalisimulia nilipokuwa mtoto, na babu yangu alikuwa akisikia neno "ngazi" anauliza kwanza ni nani aliyemtuma msemaji. Bwana shamba wa leo anapokuja na mpango mzuri kabisa, anakuta mlango huo ulishafungwa na mtu mwingine.

Tatu ni umiliki, na hili watu wa mjini hawalijui. Kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mtu anaweza kulima shamba la ukoo usio wake miaka kumi, akalima mahindi na maharage, lakini akipanda mti wa kudumu ataulizwa: unataka shamba liwe lako? Kupanda mti ni kudai ardhi. Kwa hiyo anayeazima shamba hapandi mti, hata kama anajua mti ungezuia udongo. Semina ya upandaji miti isiyoongea na wajomba wa ukoo inapoteza miche.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Uluguru mpango ambao watumiaji wa maji wa huku chini waliwalipa wakulima wa juu waliokubali kuchimba makinga maji, kupanda miti na kuacha kingo za mito. Wazo lile naliamini mpaka leo. Anayeacha robo eka yake isilimwe ili mimi nioge Kimara anafanya kazi, na kazi hulipwa.

Naweza kununua shamba huko?

Ardhi ya kijiji haiuzwi kama kiwanja cha Goba. Iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mtu asiye mkazi anahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Zaidi ya hapo kuna ukoo, kama nilivyosema. Kijana atakayekuuzia shamba stendi ya Msamvu akiwa na karatasi yenye muhuri anaweza kuwa analima tu kwa hisani ya ndugu wa mke wake. Usitoe hela kabla hujakaa na mwenyekiti wa kijiji, wazee wa ukoo na, hasa, mjomba mkubwa. Asipokuwepo mjomba, kikao hakijafanyika.

Nimepangiwa kazi huko. Nibebe nini?

Gambuti kabla ya viatu vya ngozi. Koti la mvua. Mwavuli kwenye njia nyembamba matawi yatakunyang'anya. Ndoo zenye mfuniko, nyingi kuliko unavyodhani, kwa ajili ya unga, vitabu na nguo. Vyeti vyako halisi viache nyumbani, nenda na nakala, kwani karatasi kule huota ukungu. Chumvi inalia maji. Kiberiti kinagoma. Shati ulilofua Jumatatu utalivaa Ijumaa likinuka moshi, kwa kuwa limekaukia juu ya jiko. Chukua blanketi zito: kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6, na Juni usiku utalitafuta. Kama una dawa za kila siku, beba za miezi miwili au zaidi.

Ukifika, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kufungua begi. Kisha pita kwa majirani, piga hodi, amkia wakubwa shikamoo, hata kama wewe ndiye mwalimu au daktari.

Mwalimu aliyenifundisha kusoma saa alitoka Temeke. Wiki ya kwanza alilia usiku. Ukuta wa udongo hauzuii sauti na sisi watoto tulimsikia. Mama alimpelekea magimbi ya kuchemsha asubuhi, hakusema lolote, akaondoka. Yule mwalimu alikaa miaka tisa. Nikikutana na mwajiriwa mpya anayeniuliza namna ya kuhama kabla hajafika, namsimulia habari hii.

Umeme na mtandao?

Vijiji vingi vimefikiwa na nguzo za umeme, ila mti ukiangukia waya mnaweza kukaa gizani siku kadhaa. Nyumba nyingi zina sola ndogo ya taa na simu. Mtandao unategemea umesimama wapi: kwetu ni juu ya mwamba mmoja, na kila mtu anajua saa ambayo mwenzake hupanda kupiga simu. Wakala wa pesa yupo, ila nenda asubuhi kabla floti haijaisha. Beba noti ndogondogo.

Watu wanakula nini? Kuna njaa?

Chakula kipo, kinachokosekana ni hela. Ndizi za kupika, magimbi, muhogo, mahindi, shelisheli la kuchemsha au la kukaanga, kisamvu, mchunga, na uyoga mvua zikianza. Nyama ni ya sikukuu. Dagaa na samaki wakavu wanapanda na gari toka huku. Miezi migumu ni ile ya kabla ya mahindi mapya kukomaa, na hapo ndizi na magimbi ndiyo yanayoshikilia nyumba.

Angalia dari la jiko la kwetu utaona uchaga uliojaa mahindi, meusi kwa moshi. Watu wa mradi mmoja waliwahi kutuambia moshi ni uchafu, tujenge maghala. Kwa mapafu ya mama zetu ni kweli kabisa, moshi unaua. Lakini katika unyevu ule mahindi yasiyopigwa moshi yanaota kuvu, na wadudu hawakawii. Anayetaka kuondoa moshi aje na namna ya kukausha mahindi pia.

Vipi wanyama wakali na nyoka?

Simba hakuna. Nyoka wapo, na wa kuogopwa zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Analala kwenye majani makavu akifanana nayo, unamkanyaga. Tembea na gambuti, usiku na tochi, na usiingize mkono usipoona. Akimuuma mtu, usichanje, usinyonye wala usikaze kamba. Mtulize, kiungo kisichezechezwe, abebwe haraka. Siafu wakiingia ndani toka wewe, waachie nyumba. Watamaliza mende na kwenda zao.

Usiku wa kwanza utasikia kitu kikikoroma halafu kikipiga kelele kama mtu anayenyongwa. Huyo ni perere, mnyama mdogo wa mtini, hana madhara.

Wanaotusumbua ni kima na nguruwe pori. Kima watatu wanamaliza mahindi ya wiki kwa asubuhi moja. Ndiyo maana utaona dungu kila shamba, na mara nyingi aliye juu ya dungu ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Kwa upande mwingine, humo msituni kuna viumbe ambavyo dunia nzima haina: kuna ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano ambaye hapatikani popote isipokuwa Uluguru. Wageni hutoka Ulaya kumtafuta na wengine hurudi bila kumwona. Sauti yake tunaisikia tukiwa shambani.

Mtu akiugua inakuwaje?

Homa ya kawaida inaishia zahanati: kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, unarudi nyumbani. Malaria ipo zaidi vijiji vya chini. Ukipanda juu mbu wanapungua, lakini usiache chandarua. Maji ya kijito chemsha, hata yakiwa meupe kiasi cha kuona kokoto. Homa ya matumbo haionekani kwa macho.

Kinachotutesa ni dharura. Mama mdogo alishikwa na uchungu usiku wa masika. Wanaume wanane walimbeba kwa machela, wanne wakipokezana na wanne, na kwenye mto wa pili walisimama kusubiri maji yapungue. Walisubiri mpaka alfajiri. Mama mdogo alipona. Mtoto hakupona. Tangu hapo katika ukoo wetu mjamzito anashushwa kwa ndugu anayeishi karibu na kituo cha afya wiki tatu nne kabla ya siku zake, hata kama hana dalili yoyote. Kama wewe ni muuguzi unayekwenda huko, wahimize wote wafanye hivyo, na uwaulize wana ndugu gani huko chini. Daraja la miguu kwenye mto ule lingefanya kazi kubwa kuliko maneno yangu.

Kwa nini mkungu wa ndizi ni rahisi kijijini na ghali Mabibo?

Mkungu unabebwa kichwani hadi barabarani, na wabebaji wengi ni wanawake. Pale dalali anapanga bei akijua ndizi iliyokatwa haisubiri. Inapakiwa Fuso, Fuso inakwama, ndizi zinachubuka, na zinapofika Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi la Mabibo, kuna ushuru, kuna upakuaji, kuna dalali wa pili. Kila mmoja anakula kidogo na mkulima ndiye aliyekula kwanza na kidogo zaidi.

Viungo vinavumilia. Pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki vikikaushwa vizuri vinaweza kusubiri bei. Ukitaka kununua, nunua kwa kikundi cha wakulima, pima mbele yao, lipa palepale. Vanila ni kazi ya peke yake: ua linafunguka asubuhi moja tu, na mkulima lazima alichavushe kwa mkono kabla halijanyauka, moja baada ya jingine, kisha angoje kama miezi tisa. Ukikutana na mtu anayelalamikia bei ya vanila, mweleze hilo.

Naweza kwenda kutembea tu?

Karibu sana. Nenda Agosti au Septemba, au Januari hadi Februari. Kuingia hifadhini pata kwanza kibali cha TFS Morogoro na uchukue mwongozaji wa kijiji. Njia zinapotea ndani ya ukungu kwa dakika chache. Vaa kwa heshima, kijijini kuna misikiti na makanisa. Ukikuta ngoma ya kumtoa mwali, utakaribishwa, utalishwa, utachezeshwa, lakini uliza kabla ya kutoa simu.

Niwapelekee nini wenyeji?

Sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kula, daftari na kalamu. Usigawe hela kwa watoto njiani.

Na kama ulipiga picha, zisafishe studio ukirudi, andika majina nyuma, utume kwa dereva wa Noah. Bibi jirani yetu amepigwa picha na wageni tangu mimi nikiwa darasa la pili, kwa sababu ana uso mzuri na kibuyu cha zamani. Ndani kwake hakukuwa na picha yake hata moja mpaka mwaka jana, binti mmoja wa Sinza alipomrudishia mbili. Moja ameibandika ukutani. Nyingine ameifunga kwenye nailoni, ameiweka juu ya uchaga, isiote ukungu.